IST ya mkononi kwa mwanafunzi wa Dodoma: tazama rejeta kabla ya namba

Mtajie dalali yeyote wa Dodoma kwamba unatafuta gari la mwanafunzi wa vyuo vya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), Mipango au St. John's, na hatakuacha umalize: Toyota IST. Safari hii dalali hajakosea, ingawa anaisifia kwa sababu zake. IST inauzika upesi, na cha juu chake, ile nyongeza anayojiwekea, hakichelewi.

Hukumu yetu ni hii, asiye na muda aishie hapa: Toyota IST toleo la kwanza, la 2002 hadi 2007, injini ya 2NZ-FE yenye cc 1,300, gia otomatiki ya hatua 4, chesisi inayoanza na NCP60. Nafasi ya pili ni Passo ya cc 1,000. Hata hivyo, IST iliyokwisha kuchemsha, ikatiwa dawa ya kuziba uvujaji na kupigwa nta ing'ae, ni hasara kuliko Passo kuukuu iliyokuwa ikimwagwa oili kila kilometa 5,000. Ndiyo maana hapa chini maji ya rejeta yamepewa nafasi kubwa kuliko rangi ya gari.

Sifa za IST zinajulikana, tuzipite haraka. Taiming yake ni ya cheni, si ya mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda. Injini yake ni ndugu ya 1NZ-FE iliyomo kwenye Raum, Probox, Spacio na Vitz kadhaa, kwa hiyo spea hazitafutwi kwa tochi na fundi hajifunzii kwenye gari lako. Kasoro ndogondogo nazo zinafahamika: stabilaiza linki na bushi za mbele zinazogonga kwenye barabara za vumbi, injini mauntingi zinazochoka hadi usukani unatetemeka ukiwa kwenye D umekanyaga breki, wota pampu inayoanza kuvuja kidogo kidogo, na koili ya plagi inayokufa moja moja. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha kukufanya uliache gari. Zote ni za kupunguzia bei.

Kabla ya kuzungumza bei, fungua boneti usome kibati cha modeli. NCP60 ni 1,300. NCP61 ni 1,500 (1NZ-FE), nayo ni nzuri, mafuta inakula kidogo zaidi. NCP65 ni 1,500 inayovuta magurudumu yote manne, yaani ina propela shafti na difu ya nyuma. Mwanafunzi anayetoka Ng'ong'ona kwenda darasani hana kazi na difu ya pili. Ni uzito wa kubeba na oili nyingine ya kubadilisha. Kwenye kadi, ujazo wa injini huandikwa 1,290 au 1,490. Ukiona kadi inasema 1,290 na injini iliyofungwa ni 1NZ, ujue injini imebadilishwa, na kama badiliko hilo halikuingizwa kwenye kadi, utakuja kulihangaikia wewe.

MAJI

Dodoma mjini iko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Feni za injini hizi huanza kuzunguka maji yakiwa kwenye nyuzi tisini na kitu. Pima mwenyewe nafasi iliyobaki hapo katikati. Gari linalotumia maji ya bomba na mfuniko wa rejeta uliolegea linaishi ukingoni kila siku: feni ikichelewa kidogo kwenye foleni ya jioni, yanachemka. Mfuniko mzima, wenye alama ya 0.9 au 1.1 juu yake, hushikilia shinikizo na kusogeza kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 115 na zaidi. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko karibu vyote vilivyomo humo ndani, na ndicho kinachosahauliwa.

Maji yenyewe ni tatizo jingine. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi. Kila anayechemsha chai anauona ule ukoko mweupe chini ya birika. Ukoko huohuo hujenga ndani ya vijia vyembamba vya rejeta, na kutu ya injini inaongezeka juu yake. Baada ya miaka miwili mitatu rejeta inaonekana nzima kwa nje lakini nusu yake haipitishi kitu. Fundi mvivu akiona gari linachemsha anang'oa themostati (vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta hadi injini ipate joto), anasema "Dodoma joto, hii haihitajiki". Kwa muda inatulia. Injini sasa haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli, ulaji wa mafuta unapanda, na rejeta iliyoziba bado imeziba. Siku ya safari ndefu, kilima kimoja kinatosha kukuonyesha kilichofichwa.

Kwa hiyo ukaguzi uende hivi. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, na ufike asubuhi. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, ahirisha. Gari lililopashwa moto kabla ya mteja kuna kitu linaficha, mara nyingi ugumu wa kuwaka au moshi wa kwanza. Likiwa baridi, bonyeza paipu ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu kama mpira wa miguu wakati gari limelala usiku kucha, kuna gesi ya injini iliyonaswa humo, na gasketi ya silinda hedi ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Fungua mfuniko. Unachotaka kuona ni kulanti (maji maalumu ya rejeta) nyekundu, ya waridi au ya kijani, safi. Rangi ya chai ni kutu. Utando wa mafuta juu ya maji, toka hapo. Maji meupe matupu si mwisho wa dunia, ila bei ishuke, kwa sababu rejeta itabidi ifunguliwe na kusafishwa au ibadilishwe. Kisha fungua kifuniko cha oili: chini yake pakiwa na kitu kama uji wa maziwa, maji na oili vimekutana.

Sasa liwashwe, mfuniko wa rejeta ukiwa bado wazi. Povu dogo mwanzoni ni hewa inayotoka tu. Mapovu yanayoendelea dakika baada ya dakika, yakiongezeka ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji. Hapo hakuna mjadala.

Funga mfuniko, kisha shika paipu ya chini ya rejeta, kwa sababu themostati ya injini hizi iko upande huo. Kama themostati ipo, paipu itabaki ya ubaridi kwa dakika kadhaa, halafu itakuwa ya moto. Ikianza kupata joto polepole tangu dakika ya kwanza, themostati imeng'olewa. Acha gari liungurume dakika 20 na AC ikiwa imezimwa (AC huiwasha feni yenyewe), likiwa juani kama inawezekana, na usikilize feni: lazima iwake na kuzima angalau mara mbili. Feni iliyoungwa moja kwa moja kwenye swichi, ikizunguka tangu unapogeuza ufunguo, ni ushahidi kwamba mtu alishindwa kutibu kuchemsha akaamua kuupepea.

Baadhi ya magari haya madogo hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Tatizo la taa ni kwamba nyekundu inawaka wakati hedi imeshaanza kupinda. Mfundishe mwanafunzi sheria moja: ikiwaka, anazima gari palepale, hata kama ni mita 300 kutoka hosteli. Wengi husema "nifike tu". Hizo mita 300 ndizo huua injini.

Kuhusu kulanti, mfumo mzima unachukua lita kama 5. Ukinunua ile ya kuchanganya, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea kwenye betri. Angalia chupa vizuri, kwa sababu dukani asidi nayo watu huiita maji ya betri.

NAMBA HAISEMI MWAKA WA GARI

Soko letu linapanga bei kwa herufi za namba ya usajili: "namba C", "namba D", "DZ", "namba E". Herufi hizo zinaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, hazisemi lilitengenezwa lini. IST namba C na IST namba E zinaweza kuwa zote za 2004. Tofauti ni kwamba moja imekula miaka mingi zaidi ya vumbi na matuta yetu, nyingine imekula lami ya Japani. Hilo lina thamani, lakini si kubwa kama bei inavyodai. Namba E iliyofanyishwa teksi mtandao usiku na mchana kwa miaka miwili imechoka kuliko namba C ya mtumishi aliyekuwa anakwenda nayo ofisini na kanisani.

Kilometa kwenye dashibodi usizihesabu. Kuzirudisha nyuma ni kazi ya nusu saa. Soma mwili wa gari: raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma, ukingo wa siti ya dereva uliokunjamana upande wa mlangoni, usukani uliong'aa kama kiatu, milango ya nyuma inayoning'inia kwa kufunguliwa na abiria. Dashibodi ikisema kilometa 78,000 na pedali ikisema vingine, amini pedali.

Tairi nazo zina tarehe. Tafuta tarakimu nne zilizozungushiwa umbo la yai ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa jua la Dodoma, tairi yenye zaidi ya miaka sita ina nyufa hata kama kashata zake bado zimesimama, na tairi za mtumba zinazofungwa ili kuuza gari mara nyingi ni za umri huo.

Angalia pia kama gari limeinuliwa. IST na Passo nyingi hapa zimewekewa spesa juu ya shokapu ili zisikwaruze kwenye makorongo. Spesa fupi haina neno. Ikizidi, shafti za mbele zinafanya kazi kwa pembe isiyo yake na jointi zinaisha mapema. Kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole kulia kisha kushoto kwenye uwanja. Ukisikia tak-tak-tak, jointi imekwisha.

KULIENDESHA

Njia nzuri ya majaribio ipo: kutoka mjini panda hadi Chimwaga, kisha rudi ushike barabara ya Dar hadi Ihumwa au Mtumba. Kilima kinaipima gia na rejeta, barabara kuu inapima uwiano wa magurudumu. (Nzuguni punguza mwendo, tochi zipo.)

Kabla ya kuondoka, geuza ufunguo bila kuwasha. Taa ya injini na ya eabegi lazima ziwake, kisha zizimike gari likiwaka. Isiyowaka kabisa imeng'olewa au imezibwa. Weka P, kisha R, kisha D, kila mara ukihesabu. Gia ishike ndani ya sekunde moja hivi, bila kukurusha. Ikisubiri sekunde tatu, gia boksi inaomba msaada. Chomoa stiki ya hidroliki (oili ya gia boksi): nyekundu ni salama, ya kahawia inayonuka kuungua ni gharama. IST hii hutumia hidroliki ya aina ya T-IV. Ukiambiwa "tunaweka yoyote", umeshapata historia yake.

Moshi wa bluu unapowasha asubuhi tu, kisha ukakata, ni sili za vavu. Unaweza kuishi nao huku ukiongeza oili. Wa bluu unaotoka kila unapokanyaga mafuta ni ringi, na hiyo ni injini ya kufunguliwa.

WASHINDANI

Passo KGC10 ina silinda tatu, kwa hiyo mtetemo kidogo ikiwa imesimama ni tabia yake, usimruhusu fundi akuuzie mauntingi tatu bila sababu. Mafuta inatumia kidogo kuliko IST, maegesho rahisi, na bei huwa chini. Watu wanne na AC kwenye mlima, hapo inahema. Zamani hoja ya kuikataa ilikuwa safari za kwenda Dar wakati wa likizo, kilometa 450 hivi kati ya malori. Tangu treni za SGR zianze kufika Dodoma mwaka 2024, mwanafunzi anaweza kuliacha gari nyumbani kwa shangazi akapanda treni, na hoja hiyo imepungua uzito. Kwa anayezunguka mjini na chuoni tu, Passo safi inatosha kabisa.

Vitz ya cc 1,300 ya 2005 hadi 2010 na IST toleo la pili (NCP110) zina gia ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua. CVT si mbaya. Inauawa na fundi anayeitia hidroliki ya kawaida badala ya CVTF, hidroliki yake maalumu. Kwa kuwa huwezi kujua waliopita walitia nini, dalili ni kutetemeka gari linapoanza kuondoka na mluzi unaopanda na mwendo. Ukiwa na fundi wa CVT unayemwamini, chukua. La sivyo, acha. Starlet na Corolla 110 ni ngumu kweli, lakini zina mkanda wa taiming na umri wa kuwazidi wanafunzi wenyewe. Raum ina injini nzuri, ila reli za mlango wake wa kuteleza hujaa vumbi la Dodoma. Magari ya Ulaya ya bei poa, mwachie mwenye gereji yake.

BAADA YA KULIPA

Usitumie bajeti yote kwenye gari. Bakiza walau sehemu moja ya kumi kwa mwezi wa kwanza. Oili ya 5W-30 ni lita 3.7 pamoja na filta; galoni ya lita 4 inabakiza kidogo cha kuongezea. Plagi mwanya wake ni milimita 1.1. Filta ya hewa itazamwe kila mwezi kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo na vumbi vinapokuwa vimechachamaa, na ile filta ndogo ya AC iliyo nyuma ya droo ya dashibodi isisahaulike. Ikiziba, watu hujaza gesi bure.

Hesabu ya mafuta: UDOM iko kilometa kama 8 kutoka katikati ya jiji. Weka kilometa 20 kwa siku na siku 22 kwa mwezi, ni 440. Kwa kilometa 13 kwa lita, ambayo ni makisio ya haki kwa IST 1,300 mjini, unapata lita 34 hivi. Zidisha kwa bei ya EWURA, mdhibiti wa nishati, inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, usome mstari wa Dodoma, si wa Dar. Na mtindo wa kuweka mafuta ya elfu tano tano uachwe mapema. Pampu imo ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe; tangi likiwa tupu kila siku, pampu inaungua na uchafu wa chini unavutwa. Robo tangi iwe ndiyo sifuri.

Bima ndogo (ya mtu wa tatu) kwa gari binafsi imekuwa shilingi 118,000 pamoja na VAT; uliza bei ya leo. Ihakiki kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) kwa namba ya gari, usitosheke na karatasi.

Nyaraka zinahitaji macho kuliko injini. Kadi iwe halisi na jina liwe la anayekuuzia, lifanane na kitambulisho chake cha NIDA. Kadi mpya iliyotolewa juzi kwa kuwa "ya kwanza ilipotea" iulizwe maswali: wakopeshaji wengi hushikilia kadi kama dhamana, na wapo wanaochukua mkopo kisha kwenda polisi kuripoti upotevu. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kadi, herufi kwa herufi, ukipitisha kidole kuhisi kama pamekwanguliwa. Angalia faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kwa namba ya gari kabla ya kulipa, kwa sababu madeni hayo hufuata gari. Mkataba usainiwe mbele ya wakili, na uhamisho TRA ufanywe wiki hiyohiyo. Mwanafunzi asiye na TIN (namba ya mlipakodi) aiombe mapema, haina malipo.

Mwisho kabla ya kuondoka, fungua buti na uinue zulia. Liwepo tairi la akiba lenye upepo, jeki, na spana ya magurudumu ya 21. Sakafu ya chuma iwe tambarare, yenye vidoti vya kiwandani vilivyopangika. Ikiwa na mawimbi na rangi mpya, gari liligongwa nyuma, na mazungumzo ya bei yaanze upya hapohapo kwenye buti.